Benki Imeuza Jiko na Choo

Mpima ardhi alianza kuchora mstari wa chaki ukutani, akaushusha hadi sakafuni, akasukuma kochi letu kwa goti, akaendelea nao mpaka ukuta wa pili. Kisha akasimama, akapangusa mikono kwenye suruali na kututazama kama daktari mwenye majibu asiyejua ampe nani.

"Upande huu ni kiwanja namba kumi na nne," alisema. Upande huo ulikuwa na jiko, choo, bafu na nusu ya sebule. "Upande ule ni kumi na tano."

"Kumi na tano ni ya nani?" aliuliza mwanamume aliyenunua nyumba yetu mnadani.

"Ni yangu," mama mkwe wangu alijibu kutoka chumbani kwake, bila hata kutoa kichwa.

Mnunuzi alivua miwani yake ya jua. Tangu siku ya mnada hatukuwahi kuyaona macho yake, na nyumbani tulimwita Bwana Miwani.

"Mlango wa mbele uko upande gani?"

"Kumi na tano," alisema mpima.

"Vyumba vya kulala?"

"Kumi na tano. Vyote vitatu."

"Kwa hiyo mimi nimenunua nini?"

Mpima akaangalia karatasi zake kana kwamba jibu lingeweza kubadilika. "Jiko, choo, bafu, na sebule mpaka hapa." Alinyoosha kidole katikati ya kochi.

"Kochi halimo," nilisema. "Benki iliuza nyumba, haikuuza vyombo."

Niseme mapema kwamba mkopo tuliukopa kweli. Mume wangu alitaka mashine ya kufyatua matofali, akaweka rehani hati ya kiwanja namba kumi na nne, nami nikatia saini yangu pale walipoweka alama ya msalaba. Mashine ilikuja. Ilifyatua matofali mazuri ya kutazama, ukiyabeba yanakuachia vumbi mkononi. Wateja wakakimbia, marejesho yakakwama, na benki ikaanza kutuma notisi. Mume wangu alikuwa akizikunja na kuzificha ndani ya buti zake za kazi, kwa sababu alijua siwezi kuingiza mkono mle. Mimi nilijua mambo siku dalali alipobandika tangazo getini na kupima sauti ya kipaza chake: "Moja mbili, moja mbili."

Nyumba iliuzwa Jumamosi asubuhi, mbele yangu na ya majirani zangu wote. Bwana Miwani akalipa robo ya bei palepale. Ila alikuwa mtu makini. Alisema hatoi senti nyingine mpaka aonyeshwe bikoni, yale mawe ya mpaka. Benki ikamleta mpima, mpima akachimba kwenye bustani ya mboga ya mama mkwe, akaipata bikoni ambayo hakuna aliyeikumbuka, na ndipo chaki ikaingia sebuleni kwangu.

Viwanja hivyo viwili viliachwa na marehemu baba mkwe. Namba kumi na nne alimpa mwanawe, namba kumi na tano akamwachia mkewe. Sisi tulijenga kwenye cha kwetu. Ndivyo tulivyoamini kwa miaka kumi na mmoja.

Mume wangu alimpigia simu fundi aliyejenga, akamtukana kwa nusu saa nzima. Fundi akajitetea kwamba alipima vizuri, vigingi na kamba alivifunga mwenyewe, na kama nyumba iko kwingine basi labda ardhi ilitembea. Mume wangu akamwambia asimfanye mtoto, akakata simu, akaenda kukaa nje.

Mimi sikuwa na muda wa kukaa nje. Siku ya pili niliomba ruhusa kazini, nikaenda kwa wakili. Ni binti wa mfanyakazi mwenzangu wa stoo, ameanza kazi juzijuzi, ofisi yake iko juu ya duka la viatu na ina kiti kimoja cha mteja. Nilimweleza yote. Alipofika kwenye mchoro wa mpima alicheka mpaka akashika meza.

"Shangazi, sheria nimeisoma miaka minne na hii sijawahi kuiona! Benki ilishika hati ya kumi na nne peke yake. Haiwezi kuuza kitu kilicho kwenye kumi na tano. Na tangazo lao lilisema 'nyumba ya vyumba vitatu vya kulala'. Wao hawana hata kimoja."

"Kwa hiyo tumeshinda?"

"Bado." Akaacha kucheka. "Benki wana njia moja. Wakimpata mama mkwe wako akatia saini, akakubali kuuza kiwanja chake kwa mnunuzi huyohuyo, basi vipande viwili vinaungana na mauzo yanasimama. Mnatoka nje. Asipotia saini, mnada unakufa, na benki italazimika kukaa na nyinyi mezani. Kwa hiyo kesi yako yote imekaa mkononi mwa mama mkwe wako. Mnaelewana?"

Nilimwuliza kama hakuna kifungu kingine cha sheria.

Tulifungua kesi. Mahakama ikatoa zuio la muda, na hakimu akasema atakuja kuiona nyumba kwa macho yake baada ya wiki mbili. Wiki hizo mbili zilinizeesha.

Mimi na mama mkwe hatujawahi kugombana. Kugombana ni kitu cha watu wanaosubiriana wamalize kusema. Sisi huongea kwa pamoja. Kwake yeye, chakula changu kina chumvi nyingi, na nikiipunguza ananiuliza kama nimeishiwa. Wanangu pacha nawafunga nywele kwa nguvu mno, ndiyo maana hawakui. Akinipigia simu kazini huanza na "Wewe Mama Pacha," hata kama amepiga kunitakia heri.

Sasa nikawa mtu mwingine. Jumatatu nilimpelekea chai kitandani. Jumanne nikamwuliza ushauri kuhusu mapazia. Jumatano nikamkanda miguu. Alinivumilia kwa dakika kumi, halafu akavuta mguu wake.

"Unaumwa?"

"Hapana, Mama."

"Mimi naumwa?"

"Hapana."

"Basi niache miguu yangu. Unanikanda kama mtu anayetafuta funguo."

Alhamisi gari la benki lilisimama getini. Kijana wa idara ya mikopo, tai imemkaza shingo, akashuka na kufungua mlango wa nyuma. Mama mkwe alitoka chumbani kwake akiwa amevaa gauni lake la harusi za watu na mkoba mkononi. Hakuniambia anakwenda wapi, wala mimi sikuwa na haja ya kuuliza. Alirudi saa tisa mchana akiwa na mwavuli mkubwa wenye nembo ya benki, pamoja na kalenda ya mwaka ambao ulikuwa umebakiza miezi mitatu.

"Walikuambia nini, Mama?"

"Wana biskuti nzuri."

"Na zaidi ya biskuti?"

"Wana kiyoyozi."

Mume wangu, niliyemtuma akamwulize kama mtoto wake wa kumzaa, alirudi baada ya dakika mbili. "Anasema ni mambo ya watu wazima," alisema. Ana miaka arobaini na minne.

Kesho yake nikaona karatasi. Ilikuwa kitandani kwake, wazi kabisa, nami nilikuwa nafagia. Fomu ya ridhaa ya kuuza kiwanja namba kumi na tano. Bei waliyompa ingemnunulia nyumba ndogo nzuri mahali pengine, na chenji ya kujengea choo cha ndani. Sehemu ya saini ilikuwa tupu. Juu yake palikuwa na kalamu, imefunguliwa kifuniko.

Nilisimama na fagio langu. Ningeweza kuichana. Nilifikiria pia kuitia maji na kusema pacha wamemwaga. Mwishowe nilifagia chumba na kutoka, maana hata ningeichana, benki isingekosa fomu ya pili.

Jioni nilimwambia wakili kwa simu.

"Usimguse, usimbembeleze, usimpikie kitu maalumu," alisema. "Hakimu akisikia umemshawishi, tumekwisha."

"Hata chai?"

"Chai ya kawaida tu, shangazi. Isiwe na sukari ya ziada."

Siku ya hakimu nyumba ilijaa. Alikuja hakimu mwenyewe, mzee mfupi aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa, na hapo nikampenda. Alikuja karani na daftari lake. Alikuja wakili wa benki, mama mrembo wa visigino virefu ambavyo havikuvuliwa, pamoja na kijana wa tai. Bwana Miwani alikuja na fundi wake mwenyewe, kwa sababu alitaka makadirio ya kutoboa mlango jikoni endapo angekosa ule wa mbele.

Tatizo la kwanza lilikuwa kukaa. Wakili wa benki alitaka kukaa kwenye kochi, wakili wetu akamwambia asogee, kwa kuwa hapo alipo ni kiwanja cha watu.

"Mheshimiwa," alilalamika, "naomba mwenzangu asinifanyie mzaha."

Hakimu alitazama chaki sakafuni. "Kisheria sioni mzaha. Sogea kidogo."

Akasogea. Wakili wetu akafungua taarifa ya mthamini wa benki na kusoma kwa sauti: nyumba ilikaguliwa ndani na nje, na imo yote ndani ya kiwanja namba kumi na nne.

Nilinyoosha mkono. "Mheshimiwa, huyo mthamini hakushuka garini. Siku hiyo mvua ilikuwa kubwa. Tizama picha yake, kifuta kioo kinaonekana."

Hakimu akaiinua picha, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Kifuta kioo kilikuwepo, kimekata paa letu kutoka kona hadi kona. Karani alikohoa. Alikuwa anacheka.

Wakili wa benki hakutikisika. "Hata kama mthamini alizembea, mheshimiwa, swali ni kwa nini nyumba imekaa hivi. Tunaamini familia hii iliijenga kwa hila kwenye viwanja viwili, ikakopa kwa kimoja, ili benki ikija kuuza iambulie choo. Mtu mwenye hila hawezi kuja mahakamani kuomba huruma."

Mume wangu alisimama. "Mheshimiwa, ni fundi! Fundi wetu alikuwa mlevi, alikosea vipimo. Sisi tulikuwa hatujui."

"Mwache fundi wa watu," alisema mama mkwe.

Alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki mlangoni mwa chumba chake, mkoba mapajani. Ndani ya mkoba ule nilijua kuna fomu. Nilimwona asubuhi akiikunja.

"Mama anataka kusema?" aliuliza hakimu.

"Sitaki. Lakini huyu mtoto anamsingizia mtu." Alimgeukia mwanawe. "Vigingi nilivihamisha mimi."

Hata fundi wa Bwana Miwani aliacha kupima jiko akaja kusimama mlangoni.

"Fundi aliweka vigingi vyake na kamba saa kumi jioni, akaondoka. Nikaja mimi. Nikang'oa kigingi kimoja kimoja, nikahesabu hatua kumi kuja upande wangu, nikakigongomea. Nilitumia mchi. Vyote nikavihamisha sawasawa, kamba haikulegea. Asubuhi fundi alikuja, akatazama, akajikuna kichwa, akatazama tena. Jana yake alikuwa amekunywa sana. Hakuyaamini macho yake, akaanza kuchimba."

"Mama!" mume wangu aliita.

"Nini? Nyumba si imesimama?"

Wakili wa benki alikuwa tayari ameinuka. "Mheshimiwa, huo ndio ushahidi wenyewe. Mama amekiri. Alihamisha mipaka ili kumdanganya mkopeshaji."

"Mkopeshaji yupi?" mama mkwe alimuuliza. "Mwaka ule mwanangu hakuwa hata na akaunti. Pesa alikuwa anazificha kwenye gunia la unga, nami nikizitoa nikinunulia unga."

Hakimu akaandika kitu. "Sasa Mama, kama hukuwa unamdanganya mkopeshaji, ulihamisha kwa nini?"

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mama mkwe alitafuta maneno. Alifungua mkoba, akaufunga.

"Kwa sababu ya huyu," alisema, na kidole kikanijia. "Mwanangu alikuwa amemleta mwezi uleule kunitambulisha. Nilimtazama, nikamsikiliza, nikajua hapa nimepata mtu wa mdomo. Nikajiambia, huyu siku moja atanitoa kwenye nyumba ya mwanangu. Wangapi wametolewa? Basi nikasema vyumba vya kulala vije kwangu. Kitanda changu kiwe juu ya ardhi yangu. Akija kunifukuza, nimwambie aanze yeye kutoka."

Mimi nilihisi mambo mawili, hasira na kicheko, nayo yalifika kooni kwa wakati mmoja yakazuiana. Miaka kumi na mmoja! Nimezaa pacha, nimemuuguza malaria mara nne, nimesikia kila neno kuhusu chumvi yangu, na muda wote huo mwenzangu amelala juu ya mtego.

Hakimu alinigeukia. "Umewahi kumfukuza?"

"Hapana, mheshimiwa. Nimewahi kufikiria tu."

"Unaona?" mama mkwe alimwambia karani.

Wakili wa benki alikuwa mtu wa kazi, na aliona mlango ulipo. Alilainisha sauti, akachuchumaa mbele ya kiti cha plastiki, visigino na vyote. "Mama yangu, basi wewe mwenyewe umesema. Unaishi na mtu unayemhofia. Benki imekupa bei nzuri. Utapata nyumba yako peke yako, hakuna wa kukufukuza. Kalamu hii hapa."

Lilikuwa neno la kweli. Mimi ningekuwa yeye, kwa bei ile, na kwa mkwe kama mimi, ningesaini zamani.

Mama mkwe alitoa fomu. Aliikunjua taratibu, akaisoma yote kutoka juu, huku midomo ikicheza. Kisha akamrudishia.

"Nyumba ya peke yangu nitaongea na nani?"

"Utapata majirani, Mama."

"Majirani wana adabu. Nikiwaambia chumvi imezidi watanyamaza. Huyu hanyamazi." Akaufunga mkoba wake, safari hii kwa kubana. "Nilihamisha vigingi ili nisiondoke hapa. Sasa mnataka nilipwe ili niondoke? Nilivihamisha bure basi? Unajua mchi una uzito gani?"

Bwana Miwani akavaa miwani yake. "Mheshimiwa," alisema, "mimi naomba pesa yangu tu. Jiko lenyewe linavuja."

"Halivuji," nilisema.

"Linavuja," alisema mama mkwe. "Nimemwambia mara ngapi."

Uamuzi ulisomwa wiki tatu baadaye. Mnada umefutwa, kwa kuwa benki iliuza nyumba ambayo sehemu yake kubwa haikuwahi kuwekwa rehani, na ilitangaza vyumba isivyovikagua. Bwana Miwani arudishiwe robo yake. Sisi tusifurahi sana, hakimu alisema na kunitazama mimi, kwani deni liko palepale, na pande zote zikae zipange marejesho upya. Tukakaa. Benki ikatuongezea miaka minne. Mume wangu akauza mashine ya matofali kwa mtu wa vyuma chakavu, akarudi kwenye kazi yake ya zamani ya kuendesha lori, na notisi zote sasa zinakuja kwa jina langu, kwa anwani ya kazini kwangu. Fundi aliombwa radhi kwa simu. Alisema aliacha pombe kwa sababu ya asubuhi ile, na mkewe miaka yote amemwombea dua aliyesababisha, bila kumjua.

Jumapili iliyofuata tulikaa mezani, sisi watatu, na mume wangu akaja na wazo.

"Tumalize hili jambo. Mama atusainie, tuunganishe viwanja viwe hati moja. Nyumba ikae kama nyumba za watu."

"Sisaini," alisema mama mkwe. "Siku nikisaini mtanihamishia stoo."

Mimi nilikuwa nikipiga hesabu ambayo hakuna aliyeipiga mahakamani.

"Mama," nilisema, "mimi ndiye niliyelala kwako miaka yote hii. Kitanda changu kiko kumi na tano. Ukiamka siku moja umeninunia, unaweza kunitoa."

"Naweza." Alionekana kupendezwa na jambo hilo. "Sikuwahi kulifikiria hivyo. Utakwenda kulala jikoni, jiko ni lenu."

"Na nikilifunga jiko?"

"Hutalifunga."

"Kufuli ninayo."

"Mwanangu atakula nini?"

"Muulize. Yuko hapo."

Mume wangu alituangalia mmoja baada ya mwingine, akajipakulia chakula kingi.

Mama mkwe alinitazama. Nilimwona akipima, hatua moja, hatua mbili, kama alivyopima siku ile na mchi wake.

"Wewe unasemaje kuhusu hiyo hati moja?" aliniuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza jambo na kisha kunyamaza.

"Isiwepo," nilisema. "Kila mtu abaki na chake."

"Kwa hiyo huniamini."

"Hata kidogo, Mama. Wala mwanao, na buti zake."

"Vizuri," alisema, akavuta sahani yake karibu. "Mtu akili yake ikae macho. Sasa nipe hiyo mboga, nione leo umeiharibu vipi."